Chama kichanga, mashindano makubwa: uchambuzi wa mgomo wa Wimbledon 1973

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya yeyote anayeongoza chama cha watu wanaoishi kwa jasho lao: wachezaji, wanamuziki, walimu, madereva. Ni kisa cha tenisi, lakini swali lake linajulikana kila penye chama: mwenzetu mmoja kaonewa, je, sote tuweke kazi chini? Na tukiiweka chini, nani atalipa?

Watu wa hadharani na mambo waliyoyafanya hadharani nimewataja kwa majina, maana kumbukumbu zipo wazi. Kura zilizopigwa kwenye kikao cha faragha nimezieleza bila kusema nani alipiga ipi. Linalotufaa hapa ni namna uamuzi ulivyofikiwa.

Usuli: mchezaji alikuwa mali ya nani

Mpaka mwaka 1968 mashindano manne makubwa ya tenisi yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa peke yao. Aliyekubali kulipwa waziwazi alifungiwa milango yote: Wimbledon kule London, Paris, Forest Hills kule Marekani, na Australia. Hata hivyo fedha zilikuwa zikitembea, ila zilitembea chini ya meza, kwa jina la nauli na posho. Kila mtu alijua.

Waliovunja mpango huo walikuwa Waingereza. Mwishoni mwa 1967 chama chao cha taifa cha tenisi, kikisukumwa na Klabu ya All England inayoendesha Wimbledon, kilipiga kura kufuta mpaka kati ya mchezaji wa ridhaa na wa kulipwa, Shirikisho la Kimataifa lipende lisipende. Wakati huo shirikisho likiitwa ILTF. Aprili 1968 mashindano ya kwanza yaliyofunguliwa kwa wote yakachezwa Bournemouth, na Wimbledon ikafuata mwaka huohuo. Mwenyekiti wa klabu aliyesimama mbele katika mapambano hayo aliitwa Herman David. Naomba msomaji aliweke jina hilo kichwani, kwa sababu miaka 5 baadaye bado ndiye aliyekuwa kwenye kiti, na safari hii akachagua njia nyingine.

Milango ilifunguliwa, uhuru haukuja. Wachezaji wakagawanyika: waliosaini mikataba na mapromota, hasa kampuni ya WCT ya tajiri wa Texas, Lamar Hunt, na waliobaki chini ya mashirikisho ya nchi zao. Mapromota na ILTF wakawa wanavutana, na anayevutwa ni mchezaji. Mwaka 1972 ugomvi huo ulisababisha wachezaji wa WCT wafungiwe kwenye mashindano ya ILTF nusu ya kwanza ya mwaka. John Newcombe wa Australia, bingwa wa Wimbledon 1970 na 1971, akazuiwa kwenda kutetea taji lake, wakati hakuwa na kosa lolote la kimchezo. Bingwa wa mwaka huo akawa Mmarekani Stan Smith, aliyemshinda Ilie Năstase wa Romania kwa seti 5.

Uchungu wa jambo kama hilo ndio uliowakutanisha wachezaji Septemba 1972, wakati wa mashindano ya Marekani pale Forest Hills, wakaunda chama chao: ATP. Rais akawa Cliff Drysdale wa Afrika Kusini, mtendaji mkuu akawa Jack Kramer, bingwa wa Wimbledon wa 1947 aliyekuja kuwa promota, na wakili wao akawa Donald Dell. Chama kilikuwa bado hakijafikisha mwaka mmoja kilipokutana na mtihani wake wa kwanza.

Kilichotokea

Mei 1973 Yugoslavia ilikuwa inacheza na New Zealand mjini Zagreb, Kombe la Davis, yaani mashindano ya timu za mataifa. Mchezaji bora wa Yugoslavia alikuwa Nikola Pilić, mzaliwa wa Split, umri wake miaka 33. Hakwenda Zagreb. Shirikisho la nchi yake likasema aliahidi kucheza kisha akavunja ahadi. Yeye akasema alikubali kwa sharti: kama yeye na mwenzake wa wawili-wawili wasingefuzu fainali za WCT kule Montreal. Walifuzu, akaenda Montreal. Yugoslavia ikafungwa, na shirikisho likamfungia Pilić miezi 9.

Rufaa ikaenda ILTF. Kamati ikakaa, ikapunguza adhabu kutoka miezi 9 hadi mwezi mmoja, kifungo kikaishia mwisho wa Juni. Wimbledon ilikuwa inaanza Jumatatu tarehe 25 Juni.

Hapa ndipo moto ulipowaka. Mapema mwezi huohuo Pilić, aliyeruhusiwa kucheza wakati rufaa ikingoja uamuzi, alikuwa amecheza fainali ya mashindano ya Ufaransa mjini Paris, akafungwa na Năstase. Kwa hiyo mtu aliyefika fainali ya mashindano makubwa mwanzoni mwa Juni anaambiwa hastahili kukanyaga nyasi za London mwishoni mwa Juni. Wachezaji wengi waliamini kwamba mwezi mmoja haukuchaguliwa kwa huruma. Waliona umechaguliwa kwa sababu ndani yake kuna Wimbledon, na Wimbledon ndiyo mahali ambapo hakuna mchezaji angethubutu kugoma. ATP ikatangaza: Pilić asipocheza, mwanachama yeyote asicheze.

Wakajaribu mahakama. Mahakama Kuu ya London iliombwa itoe amri ya kumruhusu Pilić aingie kwenye droo, yaani ratiba ya nani anacheza na nani, jaji akakataa. Zikabaki siku chache tu.

Bodi ya ATP ikaketi London kuamua kama mgomo uendelee au uondolewe. Walikuwa watu 7 mezani, baadhi yao wachezaji waliokuwa wamepangwa kucheza wiki ileile. Watatu wakataka wanachama waruhusiwe kucheza. Watatu wakataka msimamo ubaki. Rais hakupiga kura upande wowote. Kwa kuwa hoja ya kuuondoa mgomo haikupata wingi, uamuzi wa awali ukasimama ulivyokuwa.

Basi wakajiondoa. Takriban wachezaji 80, wakiwemo 13 kati ya 16 waliopangwa juu kwenye droo kwa ubora wao. Bingwa mtetezi Smith nje. Newcombe nje, mwaka wa pili mfululizo. Arthur Ashe nje. Ken Rosewall nje. Waandaaji wakatengeneza droo upya, wakapunguza nafasi za juu kutoka 16 hadi 8, na mapengo wakayaziba kwa waliotoka kwenye mechi za mchujo na hata kwa waliokuwa wamekwisha kushindwa huko.

Wanachama watatu wa ATP walicheza: Năstase, Mwingereza Roger Taylor, na Ray Keldie wa Australia. Năstase alisema jeshi la nchi yake, ambalo yeye alikuwa mwajiriwa wake, lilimwamuru acheze. Taylor alikuwa kipenzi cha nyumbani, na shinikizo la magazeti na mashabiki wa Uingereza juu yake lilikuwa kubwa. Wote watatu baadaye walitozwa faini na chama. Wachezaji wa nchi za kambi ya Mashariki, pamoja na vijana ambao hawakuwa wanachama kama Jimmy Connors, hawakufungwa na uamuzi huo, wakaingia uwanjani.

Wiki mbili zenyewe

Aliyetarajia viti vitupu alishangaa. Watazamaji walikuja, zaidi ya 300,000 kwa siku zote, moja ya mahudhurio makubwa kuliko yote ambayo Wimbledon ilikuwa imewahi kuyapata mpaka hapo. Magazeti ya Uingereza yaliwageuza wagomaji kuwa wabaya wa hadithi, na Kramer akabeba lawama kubwa kuliko wenzake. Alikuwa sauti ya miaka mingi ya BBC kwenye tenisi. Kazi hiyo ikamponyoka.

Umati ukajipatia mashujaa wake. Msweden Björn Borg, aliyekuwa ametimiza miaka 17 mwezi huohuo, akawa anakimbizwa na wasichana wa shule kila anapotoka uwanjani. Taylor akamtoa robo fainali baada ya seti 5. Năstase, aliyebaki wa kwanza kwenye orodha na ambaye wengi walikwisha kumkabidhi kombe kabla ya mpira kupigwa, akatolewa raundi ya nne na Sandy Mayer, mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka Marekani. Nusu fainali Taylor akakutana na Jan Kodeš wa Czechoslovakia, mechi iliyokatizwa na mvua, Kodeš akapita 7–5 seti ya tano.

Fainali Kodeš alimshinda Alex Metreveli wa Umoja wa Kisovieti 6–1, 9–8, 6–3. Ile 9–8 isimshangaze msomaji wa leo: enzi zile Wimbledon walisubiri mpaka 8–8 ndipo wacheze pointi za kuamua seti. Kodeš akapokea pauni 5,000.

Kodeš anastahili haki yake. Kwa miaka mingi watu wameandika jina lake na alama ya kuuliza pembeni, eti bingwa wa mwaka wa mgomo. Mtu huyo alikuwa ameshinda Paris 1970 na 1971, na miezi miwili baada ya Wimbledon alifika fainali ya Marekani, ambako takriban wote waliogoma walikuwepo, akasukumana na Newcombe mpaka seti ya tano. Alicheza na aliopangiwa. Hakuna mwingine wa kucheza naye.

Maamuzi na sababu zake

ILTF ilikuwa na njia tatu: kuacha miezi 9, kufuta adhabu, au kupunguza. Kuacha miezi 9 kungeonekana ukatili mtupu kwa mechi moja. Kufuta kungekuwa kukiri kwamba shirikisho la nchi haliwezi kumwita mchezaji wake, na mamlaka yote ya ILTF yalisimama juu ya mashirikisho ya nchi. Walichagua kupunguza, njia ambayo kwa kawaida hupoza watu. Safari hii ilichochea, kwa sababu kalenda iliifanya adhabu ndogo iume kuliko ukubwa wake. Mwezi mmoja wa Novemba usingemuuma mtu.

Klabu ya All England ilisema inafuata kanuni za ILTF. Ikimruhusu mtu aliyefungiwa, mashindano yao yangekuwa nje ya sheria. Hoja hiyo ina uzito, lakini klabu hiyohiyo, chini ya mwenyekiti huyohuyo, ilikuwa imeidharau ILTF mwaka 1967 ilipoona ina faida ya kufanya hivyo. Mimi naona viongozi wa ATP waliliona hilo, na sehemu ya matumaini yao ilitoka hapo: kwamba aliyewahi kuasi ataasi tena. Hesabu hiyo haikutoka. Mwaka 1967 klabu iliasi kwa ajili ya mashindano yake yenyewe. Mwaka 1973 iliombwa iasi kwa ajili ya mamlaka ya chama cha wachezaji, jambo ambalo halikuwa na faida yoyote kwake, na ambalo kesho lingeweza kugeuzwa dhidi yake.

Upande wa ATP sababu zilikuwa mbili, na zilichanganywa kwa namna iliyosumbua wanachama. Ya kwanza ni Pilić mwenyewe. Ya pili, ambayo ndiyo hasa ilikuwa mezani, ni kama shirikisho la nchi lina haki ya kumzuia mtu anayejitegemea asifanye kazi kokote duniani kwa sababu ya mechi moja ya taifa. Pilić hakuwa kisa safi. Kulikuwa na mabishano juu ya alichoahidi, na hata kati ya waliogoma wapo walioona angeweza kueleza mambo yake vizuri zaidi mapema. Lakini kisa kinachokuja mlangoni hukichagui. Chama kikingoja mtu asiye na doa lolote, kitangoja mpaka kife.

Kura ya bodi inahitaji kutazamwa kwa karibu. Hoja ya waliotaka kucheza ilikuwa hii: tumekwisha kuonyesha meno, mahakama imekataa, umma uko upande wa Wimbledon, tukiendelea tutaonekana tunaiua ile tenisi inayotulisha. Hoja ya waliokataa ilikuwa fupi zaidi: tumeshasema. Tukirudi nyuma leo, hakuna atakayetusikiliza tena. Tazama kwamba kundi la pili halikusema kesi ya Pilić ni nzuri, wala halikusema mgomo utashinda. Lilisema tu kwamba neno la chama likishatoka haliwezi kurudishwa kinywani bila gharama, na gharama ya kulirudisha ni kubwa kuliko gharama ya kulishikilia.

Na rais kutopiga kura? Wapo wanaomwona alikwepa. Mimi siafiki. Kura yake ya kucheza ingevunja mgomo kwa tofauti ya mtu mmoja, kura yake ya kugoma ingeupitisha kwa tofauti ya mtu mmoja, na kwa vyovyote vile nusu ya chama ingekuwa na mtu wa kumnyooshea kidole. Kwa kutopiga aliacha uamuzi uliokwisha kutangazwa kwa wanachama wote ubaki kuwa wao, usiwe wake. Chama kilitoka kikaoni kimegawanyika katikati, lakini kilitoka kizima.

Matokeo

Kwa kipimo cha wiki mbili zile ATP ilishindwa. Pilić hakucheza. Mashindano yalifanyika, watu walijaa, kombe lilikabidhiwa, na magazeti yakaandika kwamba Wimbledon ni kubwa kuliko wachezaji.

Miezi iliyofuata ikaandika mengine. Tarehe 23 Agosti 1973 ATP ilitoa orodha yake ya kwanza ya viwango vya wachezaji iliyopangwa kwa kompyuta, Năstase akiwa namba 1. Kabla ya hapo nani anaingia mashindano na nani anaachwa ilikuwa ni hiari ya waandaaji na mashirikisho, na upendeleo haukukosekana. Sasa kulikuwa na hesabu, na hesabu ilikuwa mikononi mwa chama cha wachezaji. Mwaka uliofuata likaundwa baraza la kimataifa la tenisi ya kulipwa ya wanaume, ambamo wachezaji waliketi meza moja na shirikisho, na baadaye waandaaji nao wakapata viti. Tishio la kumfungia mchezaji dunia nzima kwa sababu amekosa mechi ya taifa lilipoteza makali yake. Mwaka 1990 ATP ilianza kuendesha yenyewe msimu wa wanaume, ukiacha yale mashindano manne makubwa.

Pilić alicheza miaka kadhaa zaidi kisha akawa kocha. Aliiongoza Ujerumani kutwaa Kombe la Davis 1988, 1989 na 1993, na Croatia 2005. Mtu aliyeshutumiwa kuikimbia Davis alilibeba kombe hilo na timu za nchi mbili.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Nguvu ya mgomo huu ilitoka kwa watu waliokuwa na cha kupoteza. Migomo mingi huanzishwa na wasio na nafasi, na wakubwa wakaendelea kula. Hapa ilikuwa kinyume. Mchezaji wa 90 duniani aliyegoma alipoteza raundi moja na posho kidogo. Smith alipoteza taji lake. Newcombe alikuwa amenyang'anywa Wimbledon ya 1972 na mabosi, na ya 1973 akajinyima mwenyewe, akiwa kwenye kilele cha nguvu zake.

Rosewall ndiye anayenigusa kuliko wote. Alikuwa na miaka 38. Alikuwa ameshinda Paris, Australia na Marekani, lakini Wimbledon alikuwa amefika fainali mara tatu, 1954, 1956 na 1970, na mara zote tatu akarudi mikono mitupu. Wenye umri ule huhesabu nafasi zilizobaki kwa vidole. Akagoma. Mwaka uliofuata, akiwa na 39, alirudi, nusu fainali akatoka nyuma kwa seti mbili akamshinda Smith, akaingia fainali na kukutana na Connors wa miaka 21. Alipata gemu 6 tu katika seti tatu. Wimbledon hakuipata kamwe. Mtu wa namna hiyo akikaa nje kwa ajili ya mwanachama mwenzake, kila mwenye ofisi anaelewa kwamba chama hiki si cha maneno.

Jambo la pili lililofanya kazi ni nidhamu baada ya mgomo. Waliovunja msimamo walitozwa faini, lakini hawakufukuzwa. Năstase alikuwa namba 1 kwenye orodha ya chama miezi miwili tu baadaye. Chama kilisema wazi kwamba kosa ni kosa, na mlango wa kurudi upo. Nimeona vyama vikifa kwa kukosa hili la pili.

Kilichoshindikana

Adui hakulingana na silaha. Aliyemfungia Pilić ni shirikisho la Yugoslavia. Aliyethibitisha ni ILTF. Aliyepigwa ni Klabu ya All England na watazamaji waliopanga foleni. ATP haikuwa na kitu cha kuigomea ILTF moja kwa moja, hilo naliafiki, kwa hiyo ilipiga mahali palipouma. Ila haikuwaeleza watu wa kawaida uhusiano huo. Mwenye tiketi aliyoinunua miezi mingi kabla aliona wachezaji matajiri wanamwadhibu yeye kwa ugomvi wa Zagreb. Pengo la maelezo likajazwa na magazeti, na magazeti yakajaza yalivyopenda.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kutangaza tishio bila kuweka mlango wa kutokea. Tangazo lilikuwa la ndiyo au hapana: Pilić acheze, la sivyo tunatoka. Yangeweza kuwekwa masharti ya kati. ILTF ingeweza kuombwa isogeze kifungo mpaka baada ya mashindano, au suala zima lipelekwe kwa msuluhishi ambaye pande zote zinamkubali, Pilić akicheza kwa dhamana hadi uamuzi utoke, kama alivyocheza Paris. Masharti kama hayo humpa mpinzani nafasi ya kurudi nyuma bila kuaibika. Yasipokuwepo, kila upande unakaza uzi kwa sababu kuulegeza kunaitwa kushindwa. Kwenda mahakamani kulizidisha shida hiyo: jaji alipokataa, Wimbledon ilipata cheti cha kuonyesha kwamba sheria iko upande wake, wakati mahakama haikuwa imepewa nafasi ya kusema kama adhabu yenyewe ilikuwa ya haki.

Kisha kuna wanawake. Siku chache kabla ya mashindano kuanza, hoteli ya Gloucester mjini London, Billie Jean King aliwakusanya wachezaji wanawake wakaunda chama chao, WTA. King alikuwa amependekeza wanaume na wanawake wawe chama kimoja, na wanaume walikataa. Fikiria kama wangekubali. Wimbledon ya 1973 iliokolewa kwa sehemu kubwa na mechi za wanawake, King mwenyewe akishinda mataji yote matatu: la mmoja-mmoja akimshinda Chris Evert 6–0, 7–5, la wawili-wawili, na la mseto. Kwa ubingwa wake wa mmoja-mmoja alipewa pauni 3,000, Kodeš 5,000. Miezi miwili baadaye mashindano ya Marekani yakawa ya kwanza kati ya manne makubwa kutoa zawadi sawa. Wimbledon ilisubiri mpaka 2007. Wanaume wa ATP walikwenda vitani na nusu ya jeshi wakiwa wameiacha nje kwa hiari yao, na nusu hiyo ndiyo iliyojaza uwanja walioususia.

Kisa hiki kikipimwa na kingine

Mwaka 2022 Wimbledon ilikataa kupokea wachezaji wa Urusi na Belarus kwa sababu ya vita vya Ukraine. Swali lilirudi kwa sura nyingine: je, mtu mmojammoja azuiwe kufanya kazi kwa sababu ya bendera yake? Safari hii hakuna aliyegoma. ATP na WTA ziliondoa pointi za viwango kwenye mashindano hayo. Novak Djokovic na Elena Rybakina walishinda bila kupata hata pointi moja. Mwaka 2023 wachezaji wa nchi hizo mbili waliruhusiwa kurudi wakicheza bila bendera.

Silaha hiyo ya pointi isingekuwepo bila orodha ile ya Agosti 1973. Ilikuwa na faida moja ambayo mgomo hauna: hakuna mchezaji mmoja aliyelazimika kuchagua kati ya chama chake na ndoto yake. Hasara yake ni kwamba waliobeba mzigo hawakuchagua kuubeba. Aliyefika fainali au robo fainali akiwa anazihitaji zile pointi ili apande, alizikosa kwa uamuzi wa ofisi. Mwaka 1973 walioumia walijitoa wenyewe, na ndiyo sababu naona uamuzi ule, pamoja na makosa yote ya maandalizi, ulikuwa na haki zaidi ndani yake. Djokovic mwenyewe alipitia mikononi mwa Pilić akiwa mtoto, kwenye chuo chake cha tenisi Ujerumani, na mwaka 2020 alianzisha pamoja na Vasek Pospisil chama kingine cha wachezaji, akidai kwamba ATP, yenye waandaaji ndani ya uongozi wake, haiwezi tena kuwasemea wachezaji peke yao.